Mawimbi ya Mama Zawadi

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kupima usingizi, niliingia chumbani na ndoo na deki. Ilikuwa kliniki moja mjini Louisville, nami nilifika kwa basi kutoka mtaa wa Beechmont kufanya usafi. Ndani alikaa dada mmoja mwenye nywele zilizosukwa, na nyuma yake fundi wa vipimo, kijana mpole, ameshika waya huku jasho linamtoka. Mwisho wa kila waya kuna kisahani kidogo, elektrodi, na lazima kigandishwe kwenye ngozi ya kichwa yenyewe. Kijana hakuiona ngozi. Nikaweka ndoo chini, nikaomba kitana, nikatenga njia kati ya mistari miwili.

Msimamizi wa Zamu alikuwa amesimama mlangoni. "Umesomea wapi hiyo kazi?"

"Kwa dada zangu, Uvira. Tulikuwa sita, wote na nywele."

Alicheka, na baada ya wiki mbili akaniondoa kwenye deki. Asifikiri mtu kwamba nilikuwa na akili nyingi. Shule niliacha darasa la nane. Nilikuwa na vidole tu.

Yule msimamizi ndiye aliyenifundisha kusoma chati. Kompyuta inagawa usingizi katika kurasa, kila ukurasa sekunde thelathini. Mtu akiwa macho, mistari ya ubongo ni midogo na ya haraka haraka, kama mtu anayetetemeka. Akizama katika usingizi mzito, yanakuja mawimbi makubwa, ya polepole. Waya wa kidevuni unaonyesha kama misuli imelegea. "Watu husema hawakulala," aliniambia, "na chati inaonyesha wamelala saa sita nzima. Usibishane nao. Amini mstari." Nami niliamini. Nilishuhudia mara nyingi kwamba alisema kweli, na hilo lazima niliandike pia.

Tulipohamia Columbus nilipata kazi katika nyumba ya utafiti. Walikuwa wanapima kidonge kipya kwa watu wanaofanya kazi usiku kwenye maghala na kulala mchana. Kwa hiyo tulifanya kazi mchana, madirisha yamezibwa kwa mbao nyeusi, jua kali nje, ndani giza. Wengine walimeza dawa, wengine kidonge kitupu, na sisi tuliowatazama hatukujua nani amepewa nini. Waliojitolea wengi walikuwa watu wetu wa Kivu, basi Mratibu wa Utafiti akaniomba nitafsiri fomu ya maswali. Swali la kwanza, la kumuuliza mtu akiamka tu, niliandika: "Umelalaje?" Sikufikiri hata dakika moja.

Mama Zawadi alikuwa wa nne katika watu wetu. Mama wa miaka sitini hivi, mfupi, anayepanga maboksi usiku kucha. Jumanne na Alhamisi alilala kwetu. Mara zote mbili mawimbi yalikuja makubwa, yamepangana ukurasa baada ya ukurasa, mazuri kuliko niliyowahi kuona kwa mtu wa umri wake. Kwenye kamera alilala chali, mikono pembeni, hajigeuzi hata mara moja. Hilo la kutojigeuza lilinisumbua kidogo, lakini nilijiambia, wewe ni nani? Saa kumi nikamwashia taa, nikamuuliza umelalaje, akajibu vizuri. Nikaandika vizuri. Mratibu alifurahi: Ijumaa alale tena kwa dozi hiyo, na Jumatatu iongezwe mara mbili.

Alhamisi hiyo hiyo, akingoja mtoto wake aje na gari, nilikaa naye jikoni, tukanywa chai. Aliniuliza habari za watoto, za mume, za kanisa. Kikombe kilipofika nusu, akakiweka chini.

"Bon. Sasa nikuambie. Sikulala."

"Leo?"

"Leo, na Jumanne vile. Kinywa kilikauka. Niko macho, nasikia yote, mwili unakuwa kama wa mtu mwingine. Saa fulani ulifungua mlango ya huko kwenu mara mbili. Mwanaume mwenzako akapiga chafya, wewe ukamcheka."

Mwenzangu alipiga chafya kweli, na wakati huo kwenye skrini yangu Mama Zawadi alikuwa katika usingizi mzito kabisa.

"Lakini Mama, nilikuuliza, ukaniambia vizuri!"

"Mwana wangu, ndiyo tu naamka, unanisalimia, wewe ni mudogo wangu. Nikulilie ku mulango? Mtu anakaa kwanza."

Sisi hatuanzi na mabaya. Nami nimelelewa humo humo, ningemjibu mkwe wangu vivyo hivyo. Mmarekani aliyeitunga ile fomu hangeweza kulijua hilo. Mimi nililijua tangu utotoni, nikaitafsiri vile vile.

Usiku ule sikuwa na hakika. Labda alilala akaota chafya. Labda nilimpenda kwa sababu ni mtu wa kwetu. Asubuhi nilimwendea Mratibu, nikamweleza.

"Chati inasema amelala," alisema, "na mdomo wake unasema amelala vizuri. Unataka nitupe vyote viwili kwa ajili ya chai?"

"Swali nililoandika mimi ni baya. Hilo kosa ni langu. Lakini leo yuko hapa kwa dozi ileile ndogo. Njoo usimame nyuma yangu, nimwombe ainue kidole."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuja.

Saa saba mawimbi yalikuja, makubwa, mapana, yanapanda na kushuka. Nilibonyeza spika, nikasema kwa sauti ndogo: "Mama Zawadi, kama unanisikia, inua kidole kimoja."

Ukurasa mmoja ukapita. Wa pili. Mawimbi hayakubadilika. Mratibu alikuwa ameanza kuvuta pumzi ya kuondoka. Kisha, kwenye ile picha ya kijivu, kidole cha mkono wa kuume kikapanda polepole kutoka kwenye shuka, kikabaki juu.

"Mwambie viwili," alinong'ona.

Vikawa viwili. Na chini ya picha mashine ilizidi kuandika: usingizi mzito, usingizi mzito.

"Mwambie tunakuja," alisema Mratibu, na tayari alikuwa anakimbia.

Daktari Mkuu alisimamisha utafiti siku hiyo. Alinieleza kwamba ziko dawa zinazochora usingizi kwenye ubongo huku mwenyewe yuko macho. "Nilifundishwa hilo nikiwa mwanafunzi," alisema. "Nilipaswa kuuliza." Hakunitupia mimi lawama, ingawa angeweza. Mama Zawadi hakumeza ile dozi kubwa.

Walibaki watatu waliomtangulia, nao walikuwa wameshaimeza. Wawili niliwapigia simu, nikapitia salamu zote mpaka mwisho, ndipo wakasema: macho, mchana mzima. Wa tatu, Papa Bahati, alikuwa amehama. Nilifungua chati yake, nikakuta maneno yangu mwenyewe pembeni mwa ukurasa: anaongea usingizini.

Miaka ya mwisho ya kazi niliifanyia Buffalo, katika maabara ya hospitali. Huko mtu akiamka nilimtoa gundi kwanza kwa maji ya moto, taratibu, nikimwacha aongee ya kwake, na fomu niliichukua mwisho. Wenzangu vijana waliniona mzito. Huenda walikuwa na haki. Siwezi kusema wangapi nilisaidia kwa njia hiyo.

Mwaka jana, nimeshastaafu, nilimkuta Papa Bahati katika ukumbi wa kanisa huku Lackawanna. Amezeeka, mzima. Tulikaa muda mrefu. Nikamwuliza kuhusu siku ya dozi kubwa.

"Nilikuita," alisema. "Nilisema, Mama Neema, njoo. Ukanijibu kwenye spika: lala, Papa, lala."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Kwa upole sana, donc ndiyo nikajua hautakuja."

Niliporudi nyumbani nilitafuta daftari langu la siku ile. Nimeandika kwamba mawimbi yalikuwa mazuri, na kwamba mchana ulikuwa mtulivu.