Aliyeanza Kuomba Jikoni Kwetu

Kanisa letu la kilokole la Majengo lilipokaribia jubilei, mimi katibu nilipewa historia fupi niichape, isomwe mbele ya mgeni rasmi. Aliyeiandika ni mwenyekiti wa kamati. Kwa maneno yake, injili ilifika mtaani kwetu siku mhubiri kutoka Mbeya aliposimamisha vipaza sauti uwanjani. Damu ikanichemka.

Mhubiri huyo nilimwona mwenyewe nikiwa darasa la tano. Alikuta wanawake sita wanaomba tayari, jikoni kwa mama yangu, huku wakipukuchua mahindi. Mikono kazini, midomo ikiomba kwa sauti, bila kitabu wala padri. Mtaa mzima ulikuwa wa Wakatoliki, na walituona tumerukwa na akili. Watu waliojaa uwanjani walialikwa na akina mama hao, nyumba kwa nyumba.

Nilimwambia mwenyekiti sichapi uongo.

"Katibu, kanisa linaanza na mtumishi wa Mungu, siyo na jiko," akasema.

Nikamwambia basi atafute katibu mwingine. Tulivutana wiki mbili, akachoka yeye.

"Haya, mwandike mama yako."

Nilimwandika ukurasa mzima! Kisha nikaenda kumsomea, maana macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umekosea, mwanangu. Jiko lilikuwa langu. Kuomba alianza jirani."

Jirani! Yule muuza nyanya wa nyumba ya pili, aliyerudi kwa Wakatoliki miaka mingi iliyopita, na leo ndiye mwenyekiti wa jumuiya yao. Kumbe maombi yale alijifunza Mbeya alikokwenda kumuuguza dada yake, akamfundisha mama.

"Mama, huyo si alituacha?"

"Aliacha kuja. Maombi hakuondoka nayo."

"Kamati itanitafuna."

"Ulimwambia mwenyekiti huchapi uongo. Au uongo wa kunisifu mimi unachapika?"

Niliona aibu. Ukweli ni kwamba nilitamani sana watu wamshangilie mama yangu angali hai, asikie kwa masikio yake. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikaufuta ule ukurasa, nikaandika upya. Mwenyekiti sikumwonyesha.

Jumapili ya jubilei nilisimama mbele ya mgeni rasmi nikasoma kwamba kanisa hili lilianzishwa na mama mmoja ambaye hayupo nasi, kwa sababu saa hii yuko misani. Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti alinikazia macho, akanionyesha kwa mkono niruke. Sikuruka hata neno. Nilisoma habari za Mbeya, za dada mgonjwa, za mahindi, na za jirani kurudi alikotoka.

Mama yangu alikuwa mstari wa mbele, ameinamisha kichwa anasikiliza. Sehemu yake ilikuwa imebaki sentensi moja tu, kwamba alitoa jiko. Niliisoma kwa sauti kubwa kuliko zote.