Picha ya Senge Katika Mahindi ya Kibomet

Siku niliyomsimamisha senge yangu katikati ya mahindi ya watu haijanitoka kichwani, mwanangu. Leo nitakueleza ilivyokuwa, maana naona nawe umeingia katika kazi hii ya matangazo, na una haraka ileile niliyokuwa nayo mimi. Senge ni shangazi, dada ya baba, na kwetu Bungoma senge si mtu wa kuchezea. Wangu aliishi Matulo. Alikuwa mjane, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa, na akisema jambo watu walilichukua lilivyo.

Mimi wakati huo nilikuwa Kitale na kamera moja, pikapu kuukuu yenye vipaza sauti juu, na mdomo. Bana, nilikuwa na mdomo! Nilitangaza mikutano ya injili, sabuni, mechi za mpira, dawa ya kupe. Leo mnaniona na ofisi Kitale na nyingine Bungoma, vipindi vya redio na vijana wa kompyuta, mnadhani nilianza na akili. Nilianza na kelele.

Ikaja kampuni moja ya mbegu, ambayo siku hizi haipo tena. Mbegu yao ilikuwa imeshika Kitale vizuri sana, wakataka ishike Bungoma pia. Wakaniuliza kama nitaweza. Nikasema hiyo ni kazi ya wiki mbili tu. Sikuwa nimewahi kupata mteja mkubwa hivyo, na nilijua nikiwafurahisha hawa sitarudi tena kwenye dawa ya kupe.

Afisa wao wa shambani, mtu mpole wa maneno machache, aliniambia kitu tukinywa chai. "Hii ni mbegu ya huku juu kwa baridi. Inakaa shambani muda mrefu. Kule chini hatujaijaribu vizuri, kwa hivyo uwaambie wapande kipande kidogo kwanza."

Niliitikia, hata nikaandika. Halafu nilipokaa kutengeneza bango nikaona maneno "pandeni kidogo kwanza" hayapendezi, nikayaacha.

Wiki hiyohiyo senge akaja Kitale kunitembelea. Nilikuwa nimepanga nyumba Kibomet, na jirani yangu alikuwa na shamba la mbegu hiyo, kila bua limebeba mahindi mawili. Nikamwomba senge avae kitambaa chake cha kanisa, nikamsimamisha humo ndani na kumpa muhindi mkubwa aushike.

"Sasa hii ni ya nini?" akauliza.

"Ni picha tu, senge. Ya kumbukumbu."

"Na mwenye shamba anajua?"

"Anajua."

Hilo la mwenye shamba lilikuwa kweli. La kumbukumbu lilikuwa uongo. Chini ya picha nikaandika kwa herufi nyekundu: MAMA WA MATULO AMEONA. WEWE JE? Nikabandika mabango kuanzia Webuye hadi Bungoma mjini, kwenye maduka ya mbegu, kwenye nguzo, kwenye kuta za mashine za kusaga.

Senge alipoliona bango alinijia juu. Nikamtuliza kwa maneno matamu, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nikamwambia mbegu ni nzuri, si yeye mwenyewe ameyashika yale mahindi kwa mkono wake? Akaniuliza kama kuna jambo lolote analopaswa kujua. Nikasema hakuna.

Akina mama wa kikundi walipomwuliza, aliwaambia, "Mtoto wa ndugu yangu hawezi kunidanganya." Akapanda shamba lake lote mbegu hiyo, na wao wakapanda.

Nisikupotoshe, mbegu haikuwa mbaya. Kitale watu walivuna wakafurahi. Lakini Matulo kuna joto kuliko Kitale, na mvua ya kule haikungoja. Majirani waliopanda mbegu yao ya zamani walikuwa wameshavuna na kuanika, na mahindi ya akina mama hao bado yamesimama, marefu, ya kijani, ndani hayana kitu. Jua likawaka kabla hayajajaza. Wakakata mabua wakalisha ng'ombe.

Mwanangu, watu wakipata hasara hutafuta mtu. Walimtafuta yule waliyemwona kwenye bango. Wakasema amekula na kampuni. Wakamwondoa uenyekiti, na Jumapili akifika kanisani, benchi lake likabaki na nafasi pande zote mbili.

Habari zilinifikia Kitale, nikateremka Matulo na sukari na mkate. Senge hakuvigusa. Alikuwa amekaa nje ya mlango akichambua maharagwe.

"Wanasema hii ni mbegu ya baridi," akasema bila kuniangalia. "Wewe uliambiwa ama hukuambiwa?"

Nikaanza kuzunguka. Nikataja mvua, nikataja mbolea.

"Nimeuliza uliambiwa ama hukuambiwa."

"Niliambiwa, senge."

Akaacha maharagwe. Machozi yalimlengalenga, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika mumewe. "Ati nimekula na kampuni," akasema. "Mimi! Umri huu wote sijaiba hata kuni ya mtu. Hawa akina mama, watoto wao watakula nini mpaka msimu mwingine, na wewe uliambiwa?"

Niliona haya mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

"Hiyo kitu ya juu ya gari yako inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Washa."

Nilijua nikisema ukweli kwa kipaza sauti, kampuni itasikia kabla sijafika Kitale, na kazi yangu kubwa itakwisha hapo. Nilisita, sitakuficha. Kisha nikawasha. Nikapita barabara yote ya Matulo nikisema jina langu, na kwamba mimi ndiye niliyetengeneza lile bango. Nikasema shamba la kwenye picha liko Kitale, kwamba niliambiwa mbegu haijajaribiwa huku nikanyamaza, na kwamba senge hakupewa chochote wala hakujua. Watu walitoka majumbani. Hakuna aliyepiga makofi safari hiyo.

Nikarudi kwa senge nikidhani nimemaliza. Yeye alikuwa ameshavaa viatu.

"Sasa zima hiyo kitu," akasema. "Nayo umeongea na barabara tu. Twende kwa watu."

Akanitembeza kwa miguu, nyumba kwa nyumba, mama mmoja mmoja wa kikundi. Kila mlango alikaa kimya pembeni, nami nikasema upya, kwa sauti ya kawaida, nikimwangalia mtu machoni. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mdomo huu. Wengine walinitukana. Mmoja aliniuliza kama nimekula, akaniletea uji. Mwingine alisema tu, "Sawa, nimesikia," akaingia ndani, na mpaka alipoaga dunia hakunisamehe. Nilikuwa nimemnyima chakula, na haki ya kununa ilikuwa yake.

Kampuni ilinifuta. Nikarudi kwenye dawa ya kupe. Msimu uliofuata wale akina mama walikwenda kwa senge wakamwuliza wapande nini. Mimi hawakuniuliza.

Basi nisikilize. Mwenye bidhaa akikwambia "ni nzuri, lakini," hiyo "lakini" iingize kwenye tangazo, hata kama inaharibu pambo. Akikataa, mwachie tangazo lake. Usichukue uso wa mtu bila kumwambia unaupeleka wapi, maana wewe utahamia kazi nyingine na yeye atabaki akiishi na majirani. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea tu, usijifiche nyuma ya kipaza sauti wala ya simu yako. Nenda mlangoni ukaseme kwa mdomo mtupu.

Mungu akupe kazi, mwanangu, akupe na wateja wakubwa kuliko wangu. Na popote sauti yako itakapofika, akujalie uweze kupafikia kwa miguu, mchana kweupe, ukabishe hodi na kuambiwa karibu.