Mtani Wetu Alitufungia Umeme, Sasa Wanataka Nicheke

Assalaam aleikum admin, na nyinyi wote mnaosoma. Nifichie jina, maana huku kwetu watu wanajuana hadi kwa kikohozi. Nina miaka 38, niliachika, nina binti mmoja wa miaka tisa. Tunaishi na mama yangu mzazi pwani ya Kilwa, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu babu, ya mawe na chokaa, boriti za mikoko na bati juu. Naandika nikiwa na hasira, mkikuta maneno makali mnivumilie.

Nyaya za nyumba ile zilikuwa za zamani, zimeliwa na chumvi, taa zinawaka zikijisikia. Mwaka jana nikamwambia mama nimlete fundi mwenye leseni kutoka Lindi abadilishe zote. Mama akakataa katakata. "Mgeni apande darini kwa baba yangu, na mtani yupo?"

Huyo mtani ni fundi umeme hapa hapa mjini. Ukoo wao na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Baba alipofariki, ndiye aliyejilaza mlangoni jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, watu wakawa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Mama humwita "mume wangu" kwa utani. Kwa akili ya mama, mtu wa namna hiyo hawezi kukuharibia nyumba.

Basi akaja, akafanya kazi huku anapiga soga. Nyaya nyingine za zamani aliziacha, akaunganishia mpya, akazilaza juu ya boriti bila bomba, zinasuguana na bati. Nikamuuliza waya wa kushuka ardhini uko wapi, maana nimesikia ndio unaookoa watu. Akanijibu, "Nyumba yenu yenyewe ishaanza kuingia ardhini, mtani, waya wa nini tena?" Waliokuwepo wakaangua kicheko, na mama yangu akiwemo.

Haikupita muda friji ikaanza kunichoma vidole kila nikiishika. Nikampigia simu, nimeweka sauti kubwa, mama kakaa pembeni. Akasema, "Umeme unakutekenya huo. Tangu uachike nani mwingine anakugusa?" Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Na mimi nikacheka, ingawa liliniuma, kwa sababu kwetu ukinuna kwenye utani umejivunjia heshima mwenyewe. Friji akaiacha hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni. Kamba yetu ya kuanikia nguo ni waya wa chuma, ncha moja imefungwa kwenye boriti ya paa, inagusa bati. Asubuhi moja mvua imetoka kunyesha, mama akatoka kuanika kanga. Mimi niko jikoni nikasikia sauti kama ya mtu anayetaka kukohoa akashindwa. Natoka, namkuta mama kaing'ang'ania ile kamba, kanga mbichi imemganda kifuani, macho yamemtoka. Nilitaka kumkumbatia nimvute, Mungu akanizuia. Nikachukua mchi wa kutwangia, mkavu, nikaipiga ile kamba kwa nguvu zangu zote mpaka ikamtoka mkononi, akaanguka.

Alhamdulillah yu hai. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena, na mama yangu ni msusi wa mikeka, hana kazi nyingine anayoipenda duniani. Ukili wake, ule mkanda wa mkeka aliokuwa anausuka, uko kwenye kona unakauka. Yule fundi wa Lindi nikamleta mwenyewe safari hii, akapanda darini, akashuka akazima umeme wote. Waya ulichunika pale unapogusa bati, na ardhini hapakuwa na kitu. Akaniambia, "Dada, humu mmeishi kwa rehema za Mungu."

Mtani akaja hospitali. Nikadhani leo ataomba msamaha. Akasimama kando ya kitanda cha mama akasema, "Mke wangu, nilitaka nikurithi mapema, nimekukosa." Mama, mkono umefungwa bandeji, akacheka na kumjibu, "Utanikoma, sifi leo." Mimi nikatoka nje nikalia kwa hasira. Neno pole hajalitamka mpaka leo.

Nikasema naenda polisi. Baba mdogo akanikalisha chini. "Mtani hashtakiwi, mwanangu. Ukimpeleka huyu ndani, siku ya msiba nani atakuja kutuzika?" Hivi jamani, mtu anatutengenezea msiba, halafu tumtunze ili aje atuzike? Huo ni utani gani? Watani wa kweli wanakutania ukiwa mzima ili ucheke, hawakutanii kwa uhai wa mzazi wako.

Ningeweza kumeza haya yote. Kinachonifanya niandike ni kwamba kamati ya madrasa ya mtaani kwetu imempa kazi ya kufunga umeme, anaanza wiki ijayo. Jengo lile ni bati tupu, na watoto wanatawadha pembeni yake, miguu imelowa, wanaegemea ukuta. Binti yangu ni mmoja wao. Nilimfuata mtani nikamsihi angalau hii aifanye kwa uangalifu. Akanitazama akasema, "Usihofu, nitawafungia kama nilivyowafungia nyinyi." Akacheka.

Ijumaa baada ya swala kamati inakaa. Nataka nisimame mbele yao nieleze kila kitu, na fundi wa Lindi kakubali kuja kusema alichokiona. Nimemwambia mama. Kanijibu taratibu, bila hata kuniangalia, "Ukimwaibisha mtani wetu mbele za watu, usiniite mama." Mkono alioushika kifuani ndio ule usiokunja vidole.

Radhi ya mama naiogopa, ndugu zangu, kuliko hata polisi. Ila mchi nilionao ni mmoja, na watoto wa madrasa ni wengi. Nyinyi mlio nje ya jambo hili mnisaidie kuona: Ijumaa nisimame niseme, au nikae nicheke nao?