Mlango wa Fundi Damu

Imetangazwa rasmi, na tangazo likapigwa mhuri juu na chini ili asipatikane wa kulipinga katikati, kwamba bango la filamu ya kutisha litaujulisha umma kuwa filamu hiyo inatisha, pasipo kumtisha mtu yeyote katika umma huo. Hivyo ndivyo ulivyosema waraka wa Bodi ya Ukaguzi wa Filamu, aya ya kwanza. Aya ya pili iliorodhesha visivyotakiwa kuonekana: damu, fuvu, kaburi, silaha, macho yaliyotoka pima, mkono usio na mwenyewe, na herufi zinazochuruzika. Aya ya tatu ilieleza kwamba bango litaletwa mbele ya kamati mara tatu tu. Likikataliwa mara ya tatu, filamu yenyewe itasubiri mwaka mwingine. Aya ya nne ilikuwa sahihi ya Katibu, nayo ilichukua nafasi kubwa kuliko aya zote tatu.

Fundi Damu aliusoma waraka huo amesimama mlangoni pa banda lake, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua, brashi imekaa nyuma ya sikio. Alipomaliza alimrudishia mpwa wake karatasi, akasema bila chuki kwamba watu hawa wameliorodhesha begi lake.

Begi lilikuwa chini ya meza, la ngozi bandia, zipu yake ilishakufa na kuzikwa. Ndani mlikuwa na violezo vya karatasi ngumu alivyovikata mwenyewe kwa miaka thelathini na mmoja: mikono mitano, mafuvu mawili, kunguru, mti uliokauka, dirisha moja lenye taa, na mwezi. Mwezi ulikuwa huo huo. Filamu ikiwa ya mapenzi aliupaka njano. Ikiwa ya kutisha aliupaka rangi ya maziwa yaliyolala. Wala hakuona aibu. Bango, kwa maelezo yake, ni kama harufu ya jikoni: mpita njia anatakiwa ajue kinachopikwa bila kufunua sufuria. Herufi za njano zilizolala upande, hicho ni kichekesho. Nyuso mbili kubwa juu na nyumba ndogo chini, hayo ni mapenzi, na mwenye uso wa kushoto atalia. Moto kwenye kona, vita. Weusi, wekundu na dirisha moja lenye taa, hapo hata asiyejua kusoma anajua kwamba kuna mtu atapanda ngazi ambazo kila mmoja ukumbini angemwambia asizipande.

Jina alipewa na wenye majumba ya sinema kwa ajili ya wekundu wake, aliouchanganya na nyeusi kidogo na tone la kahawia, ukikauka ukawa bado kama mbichi. Damu yenyewe hakuiweza. Siku akipimwa zahanati, muuguzi alimwelekeza atazame mchoro wa ukutani unaofundisha watu kunawa mikono, ambao kwa bahati aliuchora yeye, naye akabaki akihesabu vidole kuona kama havijazidi. Na katika filamu zote za kutisha alizozipakia rangi, hakuna hata moja aliyoitazama mpaka mwisho. Mwenye sinema alikuwa akimsimulia, naye akimkatiza kabla ya kufika pabaya: inatosha, rangi nimeshaipata. Akiulizwa, alisema kinyozi hajinyoi. Shujaa wa nyumba ile alikuwa mkewe. Huyo aliangalia filamu hizo akitafuna karanga, na pale wengine walipojifunika nyuso yeye alicheka, akauliza kama zimebaki karanga.

Majumba ya sinema yalifungwa moja baada ya jingine, mabango yakahamia kwenye kompyuta, na Fundi akahamia kwenye vibao vya vinyozi. Hakulalamika. Mwanamume anayetabasamu kwenye kibao cha kinyozi, alisema, ana faida moja: hachinjwi.

Sasa mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, alikuwa ametengeneza filamu. Ilimchukua miaka mitatu, kwa kamera ya kuazima na waigizaji ambao wawili kati yao walioana na kuachana kabla haijaisha, hivi kwamba mtazamaji makini atawaona wakishikana mikono sebuleni na, wakifika jikoni, hawatazamani. Iliitwa *Mpangaji wa Tano*. Ni habari ya nyumba yenye wapangaji wanne, ambayo kila asubuhi kwenye kamba yake hukutwa nguo za watu watano. Fundi alisikiliza mpaka hapo, akasema inatosha.

Ukumbi ulipatikana kwa Jumamosi moja, saa tisa alasiri, siku pekee katika miezi miwili ambayo haikuwa na harusi. Watu wa kompyuta walijitolea kumtengenezea binti bango, akakataa. Yeye kusoma alijifunzia bandani kwa mjomba, kwenye herufi ndefu kuliko yeye mwenyewe.

“Mjomba,” alisema, “bango likiwa la mtu mwingine, nitaona kama na filamu ni ya mtu mwingine.”

Fundi alijibu kwa kuinama kutafuta brashi, ambayo ilikuwa nyuma ya sikio.

Bango la kwanza alilipaka kwa heshima zote za waraka. Damu hakuweka, fuvu aliliacha likilala begini, herufi alizikausha zisichuruzike. Aliweka kamba ya nguo, shati likining'inia, na kutoka nyuma ya shati mkono mmoja, safi, umekatwa kucha. Kamati ya watu watano ililitazama kwa dakika tatu, na barua ikaja kusema kwamba mkono ule hauna mwenyewe.

Hoja aliikubali. Katika bango la pili alimpaka mwenyewe. Alikuwa bwana mmoja nadhifu, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, na kwa kuwa Fundi alikuwa na haraka, alimpa tabasamu lile lile la kwenye vibao vya vinyozi. Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza bwana huyu anacheka nini, nyuma ya shati la watu. Waliulizana wote watano, jibu likakosekana. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kwamba aliyekuwa anatisha sasa si mkono, ni mwenye mkono.

Zilibaki siku tisa kabla ya Jumamosi ya ukumbi, na nafasi moja mbele ya kamati.

Fundi alikwenda mwenyewe kuchukua barua ya kukataliwa mara ya pili. Bodi ilikuwa ghorofa ya pili, kwenye ujia mrefu uliopakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe kutoka hapo kwenda juu, kazi ambayo kwa jicho la Fundi ilifanywa na watu wawili waliokuwa hawasemeshani. Palikuwa na benchi, na mkabala na benchi palikuwa na mlango wa stoo ya mafaili. Karani alimwambia akae, Katibu anatia sahihi. Aliyeiona sahihi ya Katibu alijua hiyo si kazi ya dakika mbili.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi kiasi cha upana wa vidole viwili. Fundi aliutazama, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama. Ndani kulikuwa na giza la kawaida, giza la karatasi. Baada ya muda aligundua kwamba amesogea upande wa kulia wa benchi. Baadaye akagundua kwamba amesogea zaidi, na benchi limekwisha. Akasimama, akajifanya anasoma tangazo la mwaka juzi kuhusu usafi wa vyoo, na akiwa analisoma akahisi kwamba anaupa mgongo mlango. Akageuka.

Karani, mama mtu mzima mwenye sweta begani, alikuwa akimtazama kwa huruma ya mwenyeji.

“Kitasa kimekufa,” alimwambia. “Tuliomba seremala miaka kumi na moja iliyopita.”

“Na barua ya kuomba ilijibiwa?”

“Barua imo humo ndani.”

Fundi aliuliza kwa nini mtu asiingie kuitafuta. Karani alirekebisha sweta lake, akasema kazi ni nyingi. Halafu akaongeza kwamba ukishauzoea huuoni, na yeye kauzoea, ndiyo maana meza yake ameigeuza ikaangalia dirishani.

Barua ilipotoka Fundi hakuisoma. Alikwenda moja kwa moja bandani, akalisukuma begi kwa mguu likaingia chini ya meza hadi ukutani, akachukua ubao, akaupiga msasa. Alifanya kazi siku nne. Mpwa wake alipopita kuulizia alirudishwa mlangoni, jambo ambalo halijawahi kumpata tangu alipokuwa na umri wa kutia vidole kwenye makopo ya rangi.

Siku ya tano aliitwa. Mbele yake kulikuwa na ukuta, kijani hadi kiunoni na nyeupe juu. Kwenye ukuta kulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi kiasi cha vidole viwili. Juu yake jina la filamu, kwa herufi zilizosimama wima, safi, kama za zahanati. Basi.

“Mjomba, mbona hamna kitu?”

Fundi alisema ndiyo, hamna kitu, na kwamba waraka ndivyo unavyotaka. Binti alivuta kigoda akakaa, akaanza kueleza kwa upole, kama mtu anayemwarifu mgonjwa, kwamba watu wanatakiwa angalau wajue ni filamu ya aina gani. Alieleza kwa muda. Katikati ya maelezo aliinuka, akakihamishia kigoda upande wa pili wa banda, akakaa akiwa ameliangalia bango, akasahau alikuwa anasema nini.

Fundi hakutosheka. Mpwa ni mpwa, ana moyo wa kumpendeza mjomba. Alimwita mkewe, ambaye alikuja na karanga zake kiganjani, akasimama, akatazama. Taya lilikwenda mara mbili, mara tatu, likasimama.

“Baba watoto,” alisema, “hicho kimlango kifunge.”

“Ni rangi tu, mama.”

“Najua ni rangi. Kifunge.”

Hapo Fundi alijua kazi imekwisha, akaosha brashi.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi ya ukumbi, mjomba na mpwa walisimama mbele ya kamati. Binti alikuwa ameshika mkono wa mjomba kama siku ya kwanza shuleni, naye Fundi alikuwa akijiuliza, kwa mara ya kwanza katika jambo lile, atamwambiaje dada yake kaburini kama likikataliwa. Ubao uliegemezwa kwenye kiti. Katibu, mtu mrefu mwenye sauti ya kusomea wosia, alishika waraka na kuanza aya ya pili. Damu? Wajumbe walitazama, wakasema hakuna. Fuvu? Hakuna. Kaburi, silaha, macho? Hakuna, hakuna, hakuna. Mkono? Hakuna mkono, wala mwenyewe. Herufi? Mjumbe aliyeuliza mara iliyopita juu ya yule bwana anayecheka alisema herufi ni nzuri mno, angependa za aina hiyo mlangoni kwake. Kisha akasita, akasema hapana, si mlangoni.

Katibu aliweka waraka mezani. Kwa utaratibu sasa ilikuwa zamu ya mhuri, na mhuri alikuwa ameshaushika, lakini haukushuka.

“Nyuma ya huo mlango kuna nini?”

“Hakuna kitu, mheshimiwa,” Fundi alisema. “Sijapaka.”

“Una hakika?”

“Rangi imeishia hapo hapo kwenye ukingo. Baada ya hapo ni ubao.”

Katibu aliendelea kutazama. Wajumbe nao walitazama, na mmoja akasogeza kiti chake kidogo, kwa sababu ya jua, alivyoeleza mwenyewe. Mwisho Katibu akaandika kwenye fomu, kwa mwandiko wa kawaida ambao hakuna aliyewahi kuuona, kwamba bango limekaguliwa kwa mujibu wa aya zote na kuonekana halimtishi mtu yeyote. Mhuri ukashuka, juu na chini. Binti aliuachia mkono wa mjomba, ambao ulikuwa umeshakufa ganzi.

Jumamosi ukumbi ulijaa kwa saa tisa kamili, na walioshindwa kupata viti waliegemea ukuta. Wengi walisema hawakujua filamu inahusu nini. Walipita mbele ya bango Ijumaa, wakapita tena, mara ya tatu wakaja na ndugu zao ili wasipite peke yao. Fundi alikaa kiti cha pembeni, karibu na njia, mkewe ubavuni na karanga. Aliitazama *Mpangaji wa Tano* mwanzo hadi mwisho, ya kwanza maishani mwake, ingawa nusu ya pili aliitazama kupitia kwenye matundu ya kofia. Watu walipopiga makelele alipiga nao, na kuna mahali alianza kabla yao. Mkewe alicheka mara moja tu, na alikuwa anamcheka yeye. Taa zilipowaka, mpwa wake alisimama mbele, akaonyesha kidole kwenye kiti cha pembeni, na ukumbi mzima ukageuka kumpigia makofi mzee mwenye kofia usoni.

Karani wa Bodi alikuwepo pia, na sweta lake. Wakati wa kutoka alimpa Fundi mkono, akamsalimia mkewe, akasifu filamu, akasema isipokuwa pale kwenye kamba, pale hakutazama. Kisha, kama mtu anayeaga kwa habari za nyumbani, alimwambia kwamba Ijumaa asubuhi, kabla hata ya chai ya saa nne, Katibu mwenyewe alimleta seremala, na mlango wa stoo umewekewa kitasa kipya.