Mama Amesugua Kisigino kwa Jiwe la Makumbusho

Leo mama yangu amevua kiatu ndani ya makumbusho, akasugua kisigino kwa jiwe la watu wa kale.

Nisikilizeni kabla hamjacheka.

Ni yale makumbusho madogo ya zana za mawe, katikati ya mibuni ya Ruiru. Mnanijua: nilienda nikiwa tayari kwa ugomvi. Kibao kilisema jiwe lile "liligunduliwa" na mzungu mwenye shamba, miaka ya hamsini.

Nikaanza kufoka. Liligunduliwa? Kwani sisi tulikuwa vipofu?

Mama akanivuta mkono. "Hebu nyamaza. Hilo ni la mama yangu."

Cucu, yaani bibi yangu, alilitumia kusugulia miguu mtoni, jioni akitoka kuchuma kahawa. Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya wakoloni, walihamishwa kwa nguvu hadi kijiji kilichozungushiwa handaki, jiwe likabaki mtoni. Mama alikuwa msichana mdogo. Hana kitu kingine cha mama yake, hata picha.

Mtunzaji wa makumbusho alikuwa akisikia yote. Akafungua kabati la kioo, akampa mama lile jiwe.

Kidole gumba cha mama kikaingia kwenye pengo la ukingoni bila kutafuta. Ndipo akavua kiatu.

Mimi, na mdomo wote huu, nikaishia kuomba msamaha. "Pole sana, ndugu yangu, nitalipangusa."

"Wacha tu," mtunzaji akasema, kisha akamgeukia mama, akamwita kwa heshima ya wazee. "Cucu, siku ukirudi utalikuta na vumbi lako."

Asante sana, ndugu yangu mtunzaji. Mungu akuweke.

Lakini kile kibao, bado tutagombana.