Mtu wa Kuulizwa

Niliondoka Kilungu asubuhi bila kuaga na bila kujua naenda wapi. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, lakini moshi ulitoka, maana yake Mwaitu alikuwa ameamka. Nilimwita hivyo, mama kwa Kikamba, ingawa hakunizaa. Miezi saba nilimchumia maparachichi, naye akanipa chumba kilichokuwa cha mwanawe, askari aliyeuawa na bomu la kutegwa barabarani, ng'ambo ya mpaka.

Chanzo kilikuwa redio. Jumapili alasiri tulikuwa uani tukitenga matunda yenye madoa, sisi wawili na jirani yake, shemasi. Mtangazaji aliwauliza wasikilizaji kama ilikuwa haki kuiangushia miji miwili ya Japani bomu la atomiki. Shemasi alisema Japani ndiyo iliyoanza, na kwamba vita vingeendelea wangekufa wengi zaidi. Nikamuuliza shemasi, je, mtoto aliyekuwa akinywa uji kule Japani alianza nini.

"Wewe shule uliachia darasa la sita," akasema. "Japani umeionea wapi?"

"Pale pale ulipomwonea Musa. Kwenye karatasi."

Mwaitu alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichonipoteza. Nikipata mtu wa kunisikiliza huwa sijui kunyamaza. Nikaleta habari ya king'ole, niliyoipata kwa fundi viatu mmoja kule Zombe: zamani Wakamba walipokusudia kumuua mtu aliyeshindikana, mchawi au mwizi sugu, hawakumgusa kabla jamaa zake wa damu hawajaulizwa na kukubali.

"Sasa ile miji," nikasema, "nani aliulizwa?"

Shemasi alikuna kidevu. Niliona nimeshinda.

Mwaitu aliweka chini parachichi alilokuwa ameshika. "Na mimi," akasema, "nani aliniuliza?"

Akaendelea, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi, kwamba mwaka ule mwanawe alipouawa angepewa bomu kama hilo angeliangusha, watoto wakiwemo, na hata leo hana hakika kwamba asingeliangusha. Kisha akaingia ndani.

Bado naamini haikuwa haki. Lakini nililisema hilo nikitafuta ushindi, mbele ya mtu ambaye kwake halikuwa neno la kushindania. Siku mbili alinipakulia chakula bila kunitazama. Hakunifukuza. Siku ya tatu nilitoka kabla sijajua kama angenifukuza.

Kwenye makutano nilipata lori lililokuwa likirudi Kitui tupu. Kutoka Kitui niliendelea mbele, nikashuka Tulia kwa sababu ya jina tu. Soko lilikuwa linafungwa. Hakuna aliyenijua, jambo ambalo kwa kawaida hunifurahisha. Nilitembea kutoka mwisho mmoja wa soko hadi wa pili, nikarudi, hakuna aliyeinua kichwa. Nyuma ya duka la mbolea nikapata lojing.

Mwenye lojing alinisogezea daftari la wageni. Jina, kitambulisho, unakotoka. Safu ya mwisho ilisema: jamaa wa karibu. Hapo siku zote huweka kistari. Safari hii kalamu ilisita. Namba ya simu ya Mwaitu naijua kwa kichwa, nikaiandika pamoja na jina hilo.

"Ni mama yako?" akauliza.

"Ndiye wa kuulizwa," nikasema.

Alinitazama kidogo, halafu akanipa ufunguo na karai la maji.