Jicho la Samaki wa Warumi

Chekeni tu, maana hata nikikataza mtacheka. Mimi ndiye yule mtu wa Bunda aliyepelekwa Ulaya kwa heshima zote za Ujamaa, akaishia kupiga deki sakafu ya watu waliokufa zamani, tena bila kuombwa.

Ilikuwa hivi. Kiwanda chetu cha kuchambua pamba kilipata mashine mpya kutoka Italia, na kwa kuwa mashine haina undugu na mtu asiyeijua, tukatumwa vijana watatu tukajifunze, chini ya kiongozi wetu Mzee Wambura (mtu wa Butiama, na hakukuacha usahau hilo). Mmoja wetu angebaki kule asomee ufundi, kisha arudi kuwa fundi mkuu. Mimi nilikuwa nimeshajichagua. Mama naye alikuwa ameshawatangazia majirani, kwa hiyo kilichobaki ni Wataliano kukubaliana na mama.

Jumapili moja mwenye kiwanda cha mashine cha kule, ambaye ndiye angechagua, akatupeleka kuona nyumba ya kale ya Warumi, pamoja na mkalimani wetu, Sista mmoja aliyewahi kufanya kazi Musoma. Nyumba yenyewe haina paa, kuta zinaishia kiunoni, kwetu tungesema gofu, lakini sakafu! Vijiwe vidogo kama punje za mtama, vya kila rangi, vimepangwa mpaka vikawa maji, na ndani ya maji samaki mkubwa, na naapa alikuwa sato (Sista alikataa, ila Sista hakukulia sato kama mimi). Tukasimamishwa kwenye njia ya mbao, kamba mbele yetu. Akaja mlinzi mmoja mzee na ndoo, akamwaga maji sakafuni, rangi zikawaka, kisha akaweka ndoo chini akaenda kupokea wageni wengine.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, kwa bahati mbaya. Nikaona mzee wa watu anapiga deki peke yake, na sisi vijana wenye nguvu tumesimama kama wakaguzi. Kwetu enzi hizo hata mgeni mkubwa akija kijijini hakusimama kutazama watu wakilima, alipewa jembe, akalima, tukampigia makofi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi siku ya tatu ilishatupita zamani! Nikamnong'oneza mwenzangu Marwa, "Twende tumsaidie mzee."

Marwa akaniangalia, mikono mfukoni. "Umetumwa?"

Mvivu, nikasema moyoni, ndiyo maana hatachaguliwa.

Nikavua viatu, nikabaki na soksi, nikakunja suruali, nikaruka kamba, nikachukua brashi ngumu iliyokuwa pembeni (kumbe ya kusugulia zile mbao), nikapiga magoti nikaanza kusugua kama tunavyosuguaga sakafu ya kanisa kabla ya Pasaka. Mzee Wambura kuniona, badala ya kunizuia, akafurahi. "Sista, mwambie huyu bwana," akasema, kifua mbele, "vijana wetu hawaangaliagi kazi, wanafanyaga!" Sista akawa bado anatafuta maneno, mimi kwa kusifiwa nikaongeza nguvu, na nilipofika usoni kwa sato, jicho likatoka.

Kijiwe kimoja cheusi. Kiko kiganjani mwangu, kinaniangalia. Mtu mwenye busara angesema. Mimi nikakitia kwenye soksi.

Mlinzi aliporudi alipiga yowe ambalo halikuhitaji mkalimani. Kumbe yale maji yalikuwa ya kutuonyesha rangi tu! Akamwona samaki, akaona tundu, akashika kichwa. Watu wote wakainama kutafuta jicho, mwenye kiwanda na suti yake, Sista na rozari yake, na mimi pia nikatafuta, tena kwa bidii kuliko wote. Mwishowe nikaamriwa nivae viatu nitoke, nikavaa, na hatua ya kwanza tu kijiwe kikanichoma unyayo, nikaanza kuchechemea.

"Magori, umeumia?" Sista akauliza, kwa huruma ambayo hadi leo sijamsamehe.

"Hapana Sista, mguu huu nilikuwaga nao hivihivi tangu utoto."

"Mguu gani?" Mzee Wambura akadakia. "Si jana tu umecheza mpira? Vua, Sista akuone."

Nikavua. Soksi yenyewe ilikuwa na tundu la kidole (aibu ikija huja na ndugu zake), na jicho likapita humo, likadunda kwenye mbao, likasimama mbele ya kiatu cha mwenye kiwanda. Marwa akageukia ukuta, mabega yanamtikisika, mikono bado mfukoni. Mlinzi akaliokota kwa mikono miwili kama anapokea komunyo, nami nikatamani ardhi inimeze, ila kwa sakafu ile hata ardhi isingethubutu kufunguka.

Aliyebaki Italia ni Marwa. Mama aliponiona nashuka kwenye basi pale Bunda akauliza mbele ya majirani, "Umerudi kuchukua nguo?" Hilo liliniuma kuliko yote, maana aliuliza akiwa anatabasamu.

Basi Marwa akawa fundi mkuu, na mimi miaka yote nikawa wa kumshikia spana. Nimeapa kwamba nikiona mtu anapiga deki, awe nani, natia mikono mfukoni (mke wangu anasema kiapo hicho hakifiki nyumbani kwake). Juzi nilikuwa ukweni Makoko, akaletwa sato mzima kwenye sinia, nikapeleka mkono kwenye kichwa cha samaki, shemeji yangu akaligeuza sinia taratibu.

"Shemeji, chukua mkia," akasema. "Jicho ulishalichukuaga."

Nikachukua mkia.